Sifa za Kufuli Kuukuu

Kazi ya kusafisha kufuli kuukuu, ili mwenye kujifunza ufundi apate kulifungua pasipo ufunguo, ni ndogo machoni pa watu. Lakini mimi niliyeifanya jioni nyingi kwa mwanga wa taa naiona kuwa ni madrasa ya subira na ya unyofu.

Kufuli ninalolikumbuka zaidi lilikuwa la shaba, zito mkononi, ambalo kwa miaka mingi lilining'inia katika mnyororo wa mlango wa nyumba ya pwani, hata hewa ya chumvi ikalivika kutu ya kijani, na tundu lake likajaa vumbi na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Ndani ya kufuli la namna hii, ambalo Linus Yale Mdogo wa Marekani alilipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1861, mna pini ndogo, kwa kawaida nne au tano, kila moja imekatwa vipande viwili na kusukumwa na kamani. Ufunguo wa haki uingiapo, meno yake huziinua zote hata mikato yao ikalingana na ukingo wa mzinga, ile silinda ya ndani yenye tundu la ufunguo, nao mzinga ukageuka. Asiye na ufunguo huusukuma mzinga kwa waya bapa, kwa nguvu haba mno, kisha kwa kijiti chembamba cha chuma huinua pini moja moja, akisikiliza kwa ncha za vidole. Hapa ndipo uchafu umdhulumupo. Kwani pini iliyonaswa na kutu hufanana mkononi na pini iliyobanwa na mzinga, na mwanafunzi asiyesafisha kufuli lake hujifunza uongo akaudhani kuwa ni elimu.

Basi nililitia katika bakuli la mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi nikauingiza ufunguo wake na kuutoa mara nyingi, pasipo kuulazimisha. Mafuta yakatoka meusi, kisha ya hudhurungi, hatima yakatoka safi. Nikalikung'uta juu ya kitambaa cheupe, tundu likitazama chini, zikaanguka punje tatu za mchanga. Lilipokauka kabisa nilikwangua kalamu ya risasi, nikaupaka ufunguo ule unga mweusi, nikaurudisha tunduni. Maana unga mkavu hauvuti vumbi kama mafuta yavutavyo, ila visichanganywe, kwani vikikutana huwa tope. Baada ya hapo kila pini ilishuka kwa mlio wake, mwepesi na dhahiri, nami nikaweza kuzihesabu kwa sikio: tano.

Usikivu wa namna hii una kisa chake: mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Alfred Charles Hobbs wa Marekani alilifungua kufuli la kampuni ya Bramah, lililoahidiwa zawadi ya gini 200 kwa atakayeliweza, na kazi hiyo ilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Nguvu hazikumfaa kitu. Alichokuwa nacho ni mkono msikivu.

Sharti la ufundi huu ni amana: kufuli liwe lako, au la mtu aliyekupa idhini kwa hiari yake, na lisiwe linalinda mlango. Ewe msomaji, ukilikuta moja katika kasha la wazee wako, usilitupe wala usilipige nyundo. Lisafishe kwanza, ndipo ulijaribu.