Nakala moja, kumbi mbili

Wengi wanaoandika kuhusu sinema ya Majestic, pale Vuga mjini Unguja, huishia kwenye uso wa jengo. Ni kweli unapendeza. Ukumbi wa kwanza, Royal, uliofunguliwa 1921, ulichorwa na J.H. Sinclair, ofisa wa kikoloni aliyekuwa pia msanifu majengo. Uliteketea kwa moto, na Dayalji Pitamber Sachania akachora huu uliokamilika 1955. Lakini kwangu mimi, ufundi mkubwa ulikuwa kwenye chumba cha projekta na barabarani.

Nakala za filamu zilikuwa chache, tena za kukodi. Picha mpya ya Kihindi ikiingia mjini, kila ukumbi unaitaka. Basi nakala moja ikaonyeshwa kumbi mbili usiku uleule, kijana wa baiskeli akizikimbiza rili kutoka huku kwenda kule.

Tupige hesabu. Mkanda wa milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, hivyo rili ya futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Mother India ya 1957, yenye dakika 172, ni rili nane. Tuseme Majestic imeanza saa mbili usiku. Saa mbili na dakika 22 rili ya kwanza imekwisha. Inarudishwa mwanzo, inatiwa koponi, baiskeli inaondoka. Ukumbi wa pili ukianza saa tatu kasorobo, kijana ana nafasi ya kupumua. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo haiongezeki. Kila rili inamfuata kwa mwendo uleule, na pancha moja inaila yote. Pa kufidia ni kwenye mapumziko tu, na hapo wauza karanga hawalalamiki.

Ndani nako kuna kazi. Projekta ni mbili: moja ikionyesha, nyingine inatiwa rili inayofuata, huku opareta akisogeza vijiti vya kaboni vinavyoungua kutoa mwanga. Sekunde nane hivi kabla ya mwisho, kidoa cha duara kinatokea kona ya juu kulia, naye anawasha mota ya pili. Kidoa kingine, anabadilisha. Watazamaji hawatakiwi kugundua lolote. Mkanda ukikatika huunganishwa kwa gundi na picha kadhaa hupotea, na sehemu inayochakaa zaidi ni miisho, palepale penye vidoa. Opareta wa nakala kuukuu aliijua filamu kwa moyo: akimwona mama anainua kichwa, mkono uko kwenye swichi.

Kwetu Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam kwa reli, ujanja huo usingefaa. Filamu ilipaswa kufika nzima, makopo yote nane, na moja likisahaulika stesheni hakuna baiskeli ya kulifuata.