Mbele ya kuformate, tuulize kwanza



Mu nyumba yetu ya Katuba kuko kompyuta moja ya bantu sita. Mama anaweka humo hesabu ya biashara yake ya unga, wadogo wanatazama filme, mimi niliandikia humo kazi yangu ya kumaliza licence ya agronomie, na sasa mudogo wangu anaandika humo TFC yake. Juzi mashini ilianza kukawia sana: unaiwasha, unaenda kupika bukari, unarudi, bado inazunguka. Mudogo wangu akasema: «Yaya, tuipeleke mu ville, bataiformate tu.»

Hilo neno «tu» liliniuma. Miaka minne iliyopita fundi mumoja aliiformate bila kutuuliza kitu. Vipimo vya shamba langu la majaribio, mahindi mustari kwa mustari, niliviandika upya juu kaye ilibaki. Lakini sauti ya kambo, akisimulia safari yake ya kuja Lubumbashi kijana, ilikuwa humo peke. Kambo alikwisha kufariki. Hiyo haina kaye.

Basi leo ninapenda kupima mifumo endeshi miwili, yaani ile programu kubwa inayobeba zingine zote: Windows na Linux Mint. Sitaipima kwa uzuri wa rangi. Nitaipima kwa siku moja tu, siku ya kuiweka upya nyumbani: mashini ya zamani, mega kidogo, courant inaenda na kurudi. Siku hiyo njo mufumo unaonyesha uliandikiwa nani.

Tuanze na Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutunza Windows 10 kwa kawaida. Ilitoa mwaka mumoja wa kuongezea kwa wenye kujiandikisha. Wengine tunaambiwa twende kwa Windows 11. Lakini Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 mu diski, na chipu ya ulinzi inayoitwa TPM 2.0; kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 au zaidi. Mashini zetu nyingi zilikuja hapa zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya ao Dubai. Ziko nzima, zinaandika, zinahesabu, lakini mulango umefungwa.

Tena Windows 11 Home, siku ya kwanza, inakuomba intaneti na konti ya Microsoft. Muandishi wa ile skrini alifikiri intaneti iko mu nyumba sawa vile maji iko mu bomba. Siye tunanunua mega sawa vile tunanunua mafuta ya kupikia: kidogo, kwa hesabu. Na Kiswahili je? Mu Windows 10 kiko, lakini unakiongeza nyuma, juu ya Kiingereza. Mahali tafsiri haikufika, Kiingereza kinatokea. Mutu wa Lubumbashi aliyesoma Kifaransa na anayesema Kiswahili anajikuta mu luga ya tatu.

Nisiwe mubaya: Windows iko na nguvu yake. Kila sekreteria ya kupiga fotokopi inaijua, na profesa anataka TFC mu Word. Zaidi, Windows 10 iko na njia ya kujiweka upya huku mafaili yako yanabaki. Programu ulizoweka wewe mwenyewe njo zinatoka. Mafundi wengi hawatuambii hivyo, na siye hatuulizi.

Kitu ninachokataa kabisa ni ile «activateur» ya bure tunayopitishiana mu flashi. Wenzangu wa agronomie mutanielewa: ni sawa na kununua mbegu mu gunia isiyo na étiquette ya SENASEM. Labda itaota. Lakini haujui ulipanda nini, na virusi hazikuambii kama ziko humo.

Sasa Linux Mint. Uzuri wake mukubwa: unaiweka mu flashi, unawasha kompyuta kupitia hiyo flashi, na unaijaribu yote bila kugusa diski. Inatosheka na RAM ya GB 2, hata kama 4 ni bora. Haiombi konti, na unaweza kuiweka bila intaneti. Mint 22 itatunzwa mpaka 2029. LibreOffice iko tayari ndani, na R, tunayotumia kwa takwimu, inafanya kazi humo pia.

Makosa? Yako. Muandiko wa Word unaweza kuhama kidogo ukiufungua mu LibreOffice: table inaruka page, titre inashuka. Siku moja mbele ya kutoa TFC, hiyo inatoa jasho. Na Kiswahili ndani ya Mint haijajaa. Lakini hapa mulango uko wazi: mu 2004 bantu ba muradi wa Kilinux, pa Université ya Dar es Salaam, walitoa OpenOffice mu Kiswahili. Siye hapa tunangojea ruhusa ya nani?

Nyumbani tulifanya hivi. Niliwasha Mint kupitia flashi, nikakopi yote mu diski ya inje. Mudogo wangu akafungua TFC yake mu mashini ya jirani kuhakikisha iko nzima. Kisha njo nikaanza kuweka mufumo. Pa saa nne ya usiku, katikati ya kazi, courant ikaenda. Mu giza mudogo wangu akauliza: «Yaya, TFC?» Nikamuambia: «Iko mu saki yako.» Tukaenda kulala, asubui tukaanza tena.

Hukumu yangu: kwa mashini ya zamani ya nyumbani, Mint. Kama kazi yako inadai Windows, baki nayo, lakini ya kweli. Na mukienda kwa fundi, mumuulize: utakopi nini, utaweka wapi, nitaiona mbele ya kufuta? Akicheka, beba mashini yako urudi nyumbani. Mimi sikuuliza, na sauti ya kambo sitaisikia tena.