Utupu hauchemki: neno juu ya ukurasa mmoja wa Hawking

Wandugu, kitabu cha Stephen Hawking, Une brève histoire du temps, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1988 na mpaka leo tunakipitishana ku unif. Mimi nilikisoma kwa fotokopi, nikakipenda. Lakini pale anapoeleza namna shimo jeusi linatoa mnururisho, sikubali.

Anasema utupu hauko mtupu. Chembe mbili mbili, zinazoitwa virtueli, zinazaliwa, zinakutana tena, zinapotea. Zikizaliwa karibu na mpaka wa shimo jeusi, yenye nishati hasi inaanguka ndani, mwenzake inakimbia, njo tunaipata huku nje.

Picha tamu. Nami nimeifundishaka, mpaka siku kijana mmoja aliniuliza: "Kaka, juu ya nini ile ya hasi njo inaangukaka ndani kila mara?" Nilikosa jibu, nikarudi kwenye hesabu.

Hesabu inasema nini? Shimo jeusi lenye uzito wa jua letu lina nusu-kipenyo cha kilometa 3 hivi. Mawimbi linayotoa yana urefu wa makumi ya kilometa. Sasa kitu kirefu kupita shimo lenyewe, utasema kimezaliwa kwenye nukta gani ya mpaka? Hawking alijua. Katika makala yake ya 1975, ile ya wataalamu, alionya kwamba picha hiyo isichukuliwe neno kwa neno. Kwenye kitabu cha watu wote, onyo hilo sikuliona.

Chembe virtueli ni mstari wa ndani kwenye michoro ya Feynman, kipande cha hesabu, sawa namba unazoandika pembeni ya daftari ukitafuta jibu. Hakuna chombo kilichowahi kuinasa hata moja. Na utupu ni hali ya chini kabisa ya nishati. Haibadiliki na saa, kwa hiyo hakuna kinachochemka mule. Kilichopo ni hiki: ukipima uwanja wa umeme, mara hii unapata namba hii, mara ingine ingine. Wastani ni sifuri, mtawanyiko siyo sifuri.

Hesabu ya kweli ya Hawking ni nzuri kupita picha yake. Inalinganisha utupu wa mbele nyota haijaanguka na utupu wa nyuma yake. Aliye mbali sana, akipima kisha nyota kuanguka, ile hali iliyokuwa tupu mwanzoni anaikuta na chembe. Utupu wa nani, na wa wakati gani: njo swali ambalo kitabu kilituficha.

Mtaona ni ugomvi wa wasomi tu. Lakini nimekwisha kuona mtu anatafuta makuta kwa mashine ya "kuchota umeme kwenye utupu", na shahidi wake ni chembe hizo hizo zinazozaliwa bure. Sisi wa kukaa gizani siku tatu kwa juma tunasikilizaka haraka maneno kama yale. Hali ya chini kabisa haina pa kushuka tena. Mashine ile itazunguka kwa nishati ya wapi?