Umeme wa Dainamo Haumwagilii Shamba: Kuhusu filamu ya The Boy Who Harnessed the Wind

Miezi michache iliyopita tulikwenda kwenye shule moja ya sekondari kuwaonyesha wanafunzi filamu ya The Boy Who Harnessed the Wind. Unajua mambo yanavyokuwa: projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani, madirisha yamezibwa kwa blanketi za bweni, joto la kufa mtu. Maji yalipoanza kutoka kwenye bomba pale mwishoni, ukumbi mzima ulipiga makofi, hata mwalimu wa zamu. Kisha tukaruhusu maswali. Binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama kule nyuma: "Kaka, ile dainamo ya baiskeli si ndiyo ile inayowasha taa ya mbele tu? Imewezaje kumwagilia shamba?"

Nilijibu ovyo. Nikamwambia kuna betri, na betri inakusanya umeme. Si uongo, lakini lile halikuwa jibu, na yeye alijua. Alikaa chini akiwa bado amekunja uso. Makala hii ni deni langu kwake, na wewe msomaji nakualika tulilipe pamoja.

Kwanza tuipe filamu haki yake. Ilitoka mwaka 2019, imeongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza kama baba, Trywell. Mtoto, William, ameigizwa na Maxwell Simba, kijana wa Kenya. Kisa chenyewe ni cha kweli: William Kamkwamba wa Wimbe, wilaya ya Kasungu nchini Malawi, alilazimika kuacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akaingia kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akakuta kitabu cha Kimarekani kiitwacho Using Energy chenye picha za mitambo ya upepo, akajenga wa kwake kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, shokapu kuukuu, mabomba ya plastiki na nguzo za mikaratusi. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo alitegemea michoro zaidi kuliko maneno. Mwaka 2007 alisimama mbele ya wageni wa kimataifa hapa kwetu Arusha kwenye mkutano wa TED, akaeleza alichofanya kwa sentensi fupi fupi. Tangu hapo dunia ikamjua.

Filamu inaijua njaa. Imegawanywa kwa sura zenye majina ya Kichewa, na wewe uliyekulia kwenye Kiswahili huhitaji tafsiri ya "Njala" wala "Mphepo". Utaona familia inakaa kuamua ni mlo gani wa siku utabaki. Utaona wezi wanavamia nyumba kwa ajili ya nafaka, si fedha. Utaona binti mkubwa, Annie, akiondoka nyumbani na mwalimu. Hakuna anayelia kwa sauti kubwa. Yeyote aliyewahi kuishi mwezi wa Februari kwenye nyumba ambayo kihenge kimekwisha atakwambia kwamba ndivyo ilivyo: watu wanapunguza maneno kama wanavyopunguza unga. Kwa hilo nampigia Ejiofor makofi.

Tatizo langu linaanza pale ukumbi ulipopiga makofi.

Hebu tupige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga ubaoni siku ile. Upepo wenyewe hauna ubahili. Chukua feni yenye kipenyo cha mita 2.5 na upepo wa mita 4 kwa sekunde, yaani upepo wa kawaida tu unaotikisa majani. Nguvu inayopita kwenye duara lile ni kama wati 190. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane, kwa sababu inakwenda na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Huwezi kuikamata yote: hata mtambo kamili kabisa hauvuki asilimia 59, na wa kuunga kwa fremu ya baiskeli unapata kidogo zaidi. Lakini hata wati 40 si haba.

Sasa njoo kwenye dainamo. Dainamo ya kawaida ya baiskeli imetengenezwa kutoa kama wati 3. Tuwe wakarimu, tuseme 6. Upepo unaweza kuleta debe zima. Mlango ni tundu la sindano. Tuseme tena upepo unavuma saa 24 bila kupumzika. Kwa siku utapata jouli kama 518,000. Betri na pampu zitakula nusu. Kuinua lita 1,000 za maji kutoka kisima cha mita 10 kunahitaji jouli 98,000. Gawanya mwenyewe: unapata kama lita 2,600 kwa siku.

Mahindi yanayokaribia kutoa mbelewele hunywa takriban milimita 5 kwa siku, maana yake lita 5 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo maji yako yanatosha mita za mraba 520. Robo eka haifiki. Ni nusu yake. Ukivuna kwa kiwango cha tani 2 kwa hekta, umepata gunia moja la kilo 100. Na unalipata baada ya miezi mitatu minne, kwa familia ya baba, mama na watoto ambao hawajala jana.

Gunia moja si kitu cha kudharau, na bustani ya mboga yenye ukubwa ule inabadilisha kabisa lishe ya nyumba. Lakini filamu inatuonyesha upepo ukiifukuza njaa. Hesabu inasema hapana. Binti wa kidato cha tatu alikuwa sahihi.

Na historia nayo inasema hapana. William mwenyewe, katika kitabu alichoandika na Bryan Mealer kilichotoka mwaka 2009, hakudai hivyo. Njaa ile ililegea mahindi mabichi yalipokomaa mapema mwaka 2002, kwa mvua ya kawaida ya Mungu. Mnara wake ulisimama baadaye mwaka uleule, na kitu cha kwanza ulichowasha kilikuwa taa. Kisha ukachaji simu za majirani. Mambo ya kusukuma maji yalikuja baadaye, na sehemu kubwa ikawa kwa umeme wa jua, baada ya watu wa nje kujitokeza kumsaidia. Yaani filamu imechukua vitu viwili vya kweli na kuvifunga kwa kamba ambayo haikuwepo.

Utaniambia: "Acha hizo wewe, ni filamu. Lazima iwe na kilele." Sawa. Lakini mimi naona kilele kilikuwepo tayari, tena kizuri zaidi. Mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada anawasha balbu yake mwenyewe, na usiku ule anaweza kusoma bila koroboi. Ile taa ilitosha. Kwa nini hatukuamini kwamba inatosha?

Nadhani ni kwa sababu tunapenda sana hadithi ya mtu mmoja mwenye akili anayeokoa kijiji. Ukishakubali kwamba jibu la njaa lilikuwa kwenye kichwa cha mtoto wa miaka 14, huulizi tena njaa ilitoka wapi.

Tuulize sasa. Msimu wa 2000/01 Malawi ilipata mafuriko, mavuno ya mahindi yakashuka kwa karibu theluthi moja kutoka mwaka uliotangulia, ambao ulikuwa wa neema. Theluthi ni pengo kubwa, lakini si pengo ambalo nchi haiwezi kuliziba. Ila mambo manne yalikutana. Mpango wa kugawa mbegu na mbolea kidogo bure kwa wakulima wadogo wote ulikuwa umepunguzwa mwaka uleule. Takwimu za mihogo na viazi zilikuwa zimekuzwa mno, kwa hiyo wakubwa waliamini watu watakula mizizi ambayo haikuwepo shambani. Akiba ya taifa, zaidi ya tani 160,000 za mahindi, ilikuwa imeuzwa karibu yote. IMF ilikuwa imeshauri ipunguzwe kwa sababu ya gharama, serikali ikauza kupita ushauri, na baadaye kila upande ukamtazama mwenzake. Na mahindi yaliyoagizwa nje yalichelewa njiani. Bei ikapaa. Mwenye fedha alikula.

Amartya Sen alishaeleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1981, Poverty and Famines, akitumia mfano wa Bengal mwaka 1943: njaa kuu inaweza kuua hata pale chakula kipo nchini, kwa sababu wanaokufa wamepoteza uwezo wa kukipata. Malawi ilikuwa na upungufu wa kweli. Lakini ukitazama nani aliyelala njaa na nani hakulala, ni bei iliyoamua.

Filamu haijakwepa siasa kabisa. Inaonyesha makampuni yakinunua miti na vilima vikibaki uchi, na inaonyesha chifu akipigwa kwenye mkutano wa rais kwa kusema ukweli kuhusu njaa. Hizo ni dakika zake bora. Halafu inaziacha hapo. Nusu ya pili inaingia karakana na haitoki, na lile ghala tupu la taifa halina mtu wa kuliuliza tena.

Sasa kwa nini hili linanikera mimi, mwanafunzi wa uzamili nisiyehusika na sinema? Kwa sababu kijijini kwa mama yangu kuna pampu ya sola. Ilizinduliwa kwa ngoma na utepe, picha zikapigwa, mbunifu akapewa cheti. Ilifanya kazi miezi kumi na moja. Kilichokufa ni kifaa kidogo tu, lakini hakuna fundi, hakuna mfuko wa matengenezo, na kamati ya maji haikuwahi kukaa. Leo akina mama wanaanikia nguo kwenye fremu ya paneli. Hakuna aliyekosea hesabu ya umeme pale. Kilichokosekana ni watu kukaa pamoja na kukubaliana nani atunze, nani achangie kiasi gani, na nani aulizwe ikiharibika.

Na kwa sababu nimekuwa jaji kwenye mashindano ya sayansi ya shule, nikaona meza kwa meza: roboti ya kupalilia, droni ya kunyunyiza dawa, mtambo wa upepo (wapo kila mwaka). Vijana wenye akili kweli kweli. Sijawahi kuona meza moja inayouliza kwa nini nyumba inavuna magunia kumi Juni na inanunua unga Januari.

Jibu la swali hilo mara nyingi ni mdudu mdogo mwenye urefu wa milimita 3 au 4. Dumuzi, ambaye wazee wetu walimbatiza Scania, alitoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anageuza punje kuwa vumbi kihengeni. Mkulima anayemjua huuza mahindi mapema, bei ikiwa chini, kisha anayanunua tena yakiwa ghali. Dawa yake mojawapo haina umeme wala hati miliki ya kutisha: mfuko usiopitisha hewa, ule ambao wengi mnauita kinga njaa. Wadudu wanatumia oksijeni iliyomo, inakwisha, wanaacha kula, wanakufa. Hiyo ni sayansi safi kabisa. Lakini haina kilele. Hakuna atakayepiga makofi kuangalia mfuko umekaa kimya miezi sita.

Na bado ukiongeza mfuko ule kwenye ghala la kijiji, daftari linalosomeka, mweka hazina anayeaminika na mkutano wa hadhara ambapo bibi yeyote anaweza kuuliza "magunia yetu yako mangapi?", umepata kitu kinacholisha watu wengi kuliko dainamo yoyote. Kule Malawi mwaka 2001, swali la bibi huyo ndilo lililokosa mtu wa kulijibu.

Simpunguzii William hata chembe. Alichofanya kwa michoro na vyuma chakavu ni kikubwa, na yeye mwenyewe amekisimulia kwa unyenyekevu kuliko filamu ilivyokisimulia. Itazame, tena itazame na wadogo zako. Ila ikifika dakika ile maji yanatoka, simamisha kidogo. Waulize: dainamo inatoa wati ngapi? Shamba lina ukubwa gani? Na mahindi ya ghala la taifa yalikwenda wapi?

Na wewe binti wa kidato cha tatu, kama unasoma hapa: wati 6, nusu ya robo eka, gunia moja. Samahani kwa kuchelewa. Ukija chuo, njoo idara yetu. Tuna wadudu wengi wa kuhesabu na watu wachache wa kuuliza maswali kama lako.