Papa Wemba: Sauti Iliyozaliwa Kilioni

Vijana wa parokia zetu hupenda kuuliza: Je, yafaa Mkristo asikilize nyimbo za Papa Wemba? Wazazi wengine hujibu upesi kwamba haifai, kwani ni nyimbo za dunia. Vijana nao hujibu upesi vilevile kwamba alikuwa mfalme wao, wala hawataki kusikia neno baya juu yake. Majibu haya mawili yana kasoro moja: yametolewa kabla ya kupima. Mtu huyu alikufa mwaka 2016, na marehemu hawezi kujitetea. Basi, tumpime kwa haki, tukitaja mema yake na mabaya yake, bila kumpaka mafuta na bila kumpiga mawe.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 huko Lubefu, katika nchi ya Sankuru, akaitwa Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba. Baba yake alikuwa askari zamani, kisha akawa mwindaji. Jamaa walihamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, naye akakulia huko. Baba hakupenda mwanawe awe mwimbaji. Alitaka awe mtu wa sheria au mwandishi wa magazeti. Lakini baba alifariki mwaka 1966, na kijana akafuata njia iliyokuwa imekwisha kufunguliwa na mama yake.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana ndipo penye ufunguo wa maisha yake yote. Mama yake alikuwa mlizi, yaani mama anayeitwa kwenye vilio ili aongoze nyimbo za kumlilia marehemu. Sisi watu wa Lubumbashi twamjua mama wa namna hiyo, kwani makabila yetu mengi yanaye. Watu wameketi kimya, huzuni imewabana, hawajui waanze wapi. Ndipo anaposimama yeye na kupaza sauti. Humtaja marehemu kwa majina yake, hutaja wazazi wake na matendo yake, na wengine huitikia. Machozi yaliyokuwa yamekwama hupata njia. Mama huyo hajiimbii mwenyewe. Huwakopesha wenye msiba koo lake, ili huzuni yao ipate maneno. Mtoto Shungu alifuatana naye, akasikia, akajifunza. Mwenyewe alikiri mara nyingi alipokwisha kuwa mtu mkubwa kwamba mama ndiye mwalimu wake wa kwanza.

Mwalimu wa pili alikuwa Kanisa. Baada ya kifo cha baba yake aliingia kwaya, na katika nyimbo za ibada akapata kupenda sauti zile za huzuni ambazo hazikumtoka tena. Yeyote aliyesikia sauti yake anaitambua: ni nyembamba, ya juu, ina mkwaruzo kidogo. Hupanda ghafla kama ya mtu anayeita jina la ndugu aliye ng'ambo ya mto. Hata katika wimbo wa kucheza, ndani yake kuna mtu anayelia. Kwa hiyo msimwambie mtoto kwamba sauti hiyo ilitoka kwa Shetani. Ilitoka kwa mama mlizi na kwa kwaya ya parokia.

Mwisho wa mwaka 1969 alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha kundi la Zaïko Langa Langa huko Kinshasa. Sisi wa Katanga tulikuwa tumezoea gitaa la mtu mmoja, kama lile la Mwenda Jean-Bosco, ambaye Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Vijana wa Zaïko walikuwa na njia nyingine. Waliacha tarumbeta za wakubwa wao, wakaweka mbele magitaa na ngoma, na waimbaji wengi wakasimama safu moja. Shungu alitoka humo mwaka 1974, akapitia Isifi Lokole na Yoka Lokole, na mwaka 1977 akaanzisha kundi lake mwenyewe, Viva la Musica. Wakati huo alikuwa amekwisha kujiita Papa Wemba. Jina hilo lilimfaa kama mtoto wa kwanza ambaye wazazi wake wamefariki na wadogo zake wanamtazama.

Kweli alikuwa baba kwa wengi. Nyumbani kwake Matonge aliwakusanya vijana, akakiita kijiji chake Molokai na kujiweka awe chifu wake. Jina hilo lilitokana na herufi za mwanzo za njia za mtaa huo: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Humo walipita waimbaji waliokuja kuwa na sifa kubwa, kama King Kester Emeneya na Koffi Olomide. Mwimbaji mwenye wivu huficha ufundi wake, lakini Papa Wemba aliwapa wengine nafasi ya kusikika mbele ya watu. Hilo tulihesabu upande wa mema.

Lakini kwetu Wakatoliki jina la Molokai lina sauti nyingine. Ni kisiwa ambako Padri Damiano, Mbelgiji, alikwenda mwaka 1873 kukaa na wakoma. Akawahudumia mpaka akaugua ukoma yeye mwenyewe, na mwaka 1889 akafa. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Sitaki kumlinganisha mwimbaji na mtakatifu, kwani si haki kwa mwimbaji. Nataka tu tukumbuke kwamba kuwa mkubwa wa Molokai kuna namna mbili: kukaa katikati ya watu ili wakutumikie, au kukaa katikati yao ili uwatumikie. Papa Wemba alizijaribu zote mbili.

Tuje kwenye mavazi. Siku zile serikali ya Mobutu ilikuwa imekataza suti na tai, wanaume wakavaa abakosti. Papa Wemba na vijana wake wakatembea na nguo za mafundi wa Ulaya na Japani, viatu vya bei kubwa, nywele zilizokatwa vema. Ndio Wasapeur. Wengine waliona humo kichwa kigumu tu. Mimi naona kwanza jambo jema: alimwambia kijana maskini kwamba umaskini si sababu ya kuwa mchafu, na kwamba anaweza kutoka nyumbani amenyoa, amefua, ananukia vizuri. Mafundisho hayo hata Masista wanayatoa shuleni. Ubaya ulianza pale jina la fundi lililoshonwa ndani ya kola lilipopata thamani kuliko jina la mwenye kuvaa. Wazee wa pwani walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kijana anayelala na njaa ili anunue koti moja amekwisha kuwa mtumwa wa koti lake.

Mwaka 1987 watu wa nchi nyingi walimwona katika sinema *La vie est belle*, yaani Maisha ni mazuri. Waliitengeneza Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba ni Kuru, mwanamuziki wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta bahati, akawa mtumishi katika nyumba ya Nvuandu, tajiri mwenye nyumba ya kuchezea muziki. Tajiri huyo amepungukiwa na nguvu za kiume, naye mganga anamwambia aoe msichana bikira na asimguse kwa siku 30. Msichana ni Kabibi, yule yule anayependwa na Kuru. Basi mchezo wote unatoka hapo: mwenye fedha anataka kununua, mke wake wa kwanza anapanga hila zake, mganga anakula pande zote, na mtumishi hana kitu ila sauti yake.

Ni sinema ya kuchekesha, na kicheko chake kina mafaa. Inamvua nguo yule mtu mkubwa anayedhani kwamba noti na dawa ya mganga vinaweza kununua moyo wa msichana. Inaonyesha mke wa kwanza akitupwa pembeni bila kosa lake. Mwalimu wa dini akitaka kufundisha juu ya ndoa ya mke mmoja, atapata humo mifano mingi kuliko katika mahubiri makavu. Papa Wemba naye anacheza vizuri kwa sababu hajikuzi. Anakubali kuwa mpishi, kuwa mjinga wa mji, kuchekwa. Mfalme wa Wasapeur anavaa nguo za mtumishi bila kuona haya.

Hata hivyo nina shaka na mwisho wake. Kuru anapanda jukwaani, anaimba, anashangiliwa, anampata Kabibi, na taabu zote zinayeyuka. Katika mchezo wa kuchekesha inaruhusiwa. Lakini vijana wengi wa nchi yetu waliamini hadithi hiyo kuwa ni habari ya kweli: kwamba kuna mlango mmoja tu, nao ni jukwaa, na nyuma yake maisha ni mazuri. Nao walipoona jukwaa limejaa watu, walitafuta mlango mwingine, ndio viza ya kwenda Ulaya.

Mlango huo ndio uliomwangusha. Mwezi wa Februari 2003 alikamatwa mjini Paris. Wakuu wa Ufaransa walimshtaki kwamba aliwaingiza watu Ulaya kwa njia ya kundi lake, akiwaombea viza kama wanamuziki, na kumbe wengi hawakuwa wanamuziki, bali wamelipa fedha wapitishwe. Alikaa gerezani miezi mitatu na zaidi. Mwaka 2004 mahakama ilimhukumu miezi 30, lakini sehemu kubwa ya adhabu hiyo ilisimamishwa, akatozwa na faini.

Wapenzi wake husema: alisaidia maskini kutoroka taabu. Tupime neno hilo. Kama ingalikuwa huruma tu, asingalidaiwa mtu fedha. Msaada unaouzwa kwa maskini, tena kwa bei ambayo jamaa nzima huuza vitu ili kuilipa, umeacha kuwa msaada. Lakini tusiwe vipofu upande wa pili. Kijana anayelipa ili ajifanye mpiga ngoma mbele ya konsuli amefika hapo kwa sababu nyumbani hakuona kazi, wala mshahara, wala kesho. Dhambi hiyo ina baba wengi, na wengine hawakufika mahakamani.

Sisi tunaokaa Kasapa, gereza ni jirani yetu. Twajua kwamba mtu aliyefungwa hakuacha kuwa mtu, na kwamba Bwana Yezu amejihesabu pamoja na wale wanaotembelewa gerezani. Papa Wemba alisema kwamba ndani ya chumba chake cha kifungo Mungu alimtembelea. Alipotoka alitoa sahani *Somo trop*, na humo wimbo *Numéro d'écrou*, maana yake namba ya mfungwa. Wako waliocheka, wakisema ni toba ya kuuzia sahani. Mimi siwezi kufungua moyo wa mtu. Naweza kusema tu kwamba mtu mwenye majina mengi ya sifa alikubali kuimba jina lisilo na sifa, namba tu.

Hapa nafika kwenye hukumu yangu juu ya kazi yake. Muziki wa nchi yetu una desturi ya kutupa libanga, yaani kutaja ndani ya wimbo majina ya matajiri waliolipa ili wasifiwe. Papa Wemba hakuikwepa. Tazameni basi tofauti. Mama yake alitaja majina ya marehemu, watu wasioweza tena kutoa kitu, ili waliobaki wafarijike. Mwana alitaja majina ya walio hai wenye fedha. Koo ni lile lile, ufundi ni ule ule, lakini kipawa kimegeuzwa kichwa chini. Ndiyo maana nyimbo zake za majina mengi zinazeeka upesi, kwa kuwa aliyesifiwa amefilisika au amesahauliwa. Lakini sikilizeni *Awa y'okeyi* katika sahani *Emotion* ya mwaka 1995, iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Peter Gabriel. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa. Hakuna kelele, hakuna tajiri, iko sauti tu na kinanda kidogo. Wako waliolaumu sahani hiyo kuwa ya kuwapendeza Wazungu. Mimi nasikia humo mama mlizi wa Sankuru amesimama tena kati ya watu waliofiwa. Kila mara alipowakopesha wengine sauti yake, ilikuwa kubwa. Kila mara alipoiuza, ilipungua.

Alianguka jukwaani Abidjan usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 24 Aprili 2016, akiwa anaimba, akafa akiwa na miaka 66. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, na watu wengi wakamlilia. Mtoto wa mlizi naye alipata walizi.

Basi, tuwajibu nini vijana wetu? Kwa wazazi nasema: msivunje sahani. Kaeni na mtoto, msikilize pamoja, mwulizeni wimbo huu unamsifu nani na kwa nini. Kwa vijana nasema: mwigeni katika bidii yake, usafi wake na kuwapa wengine nafasi. Msimwige katika biashara ya viza, wala msiamini kwamba jukwaa ni paradiso. Na kwa waimbaji wa kwaya zetu, ambao siku hizi nao huanza kutaja majina ya wafadhili katikati ya nyimbo, nawaomba wamkumbuke yule mama aliyeimba kwa ajili ya watu wasioweza kumlipa. Sote kwa pamoja tumwombee Shungu Wembadio, Mungu mwenye huruma amhesabie machozi aliyowasaidia wengine kuyatoa, amsamehe mengine, na kumpa pumziko la milele.