Dirisha la Vitufe Viwili

Naisifu kazi ya fundi anayejaribu kompyuta kabla wanafunzi hawajaketi.

Bendera, kaskazini mwa mji wa Kalemie nchini Kongo, inajulikana kwa umeme: mtambo wa mto Kyimbi, uliojengwa enzi za Wabelgiji, ndio unaoulisha mji huo. Maji yataporomoka, mashine zitazunguka, lakini mpaka balbu iwake mwisho wa waya ndipo mtu aseme umeme upo. Programu nayo, kuambiwa imeshawekwa hakutoshi.

Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina Tkinter, inayoiunganisha na Tk ya John Ousterhout ili ichore madirisha. Kwenye dirisha la amri, andika python -m tkinter. Kidirisha kinatokea: kinataja toleo la Tk, kinaonyesha herufi ç, kisha vitufe viwili. Ukibonyeza cha kwanza, maandishi yake yanazungushiwa mabano. Bonyeza tena, mabano yanaongezeka. Cha pili kinafunga. Hiyo ç naipenda hasa, kwa kuwa Kongo watoto wengi husomeshwa kwa Kifaransa, chenye herufi hiyo, na mashine isiyoweza kuionyesha haijawa tayari kwao.

Intaneti ikisumbua, si kitu. Faili la kusakinishia Python kwenye Windows halifiki megabaiti 40, Tk imo ndani, na fleshi moja inatosha darasa zima. Kwenye Ubuntu huenda ukahitaji kuongeza kifurushi cha python3-tk. Windows ina mtego wake: wakati wa kusakinisha kuna kisanduku cha kuiingiza Python kwenye PATH, yaani orodha ya mahali kompyuta inapotafuta programu. Kisipotiwa tiki, neno python laweza kumfungulia mtu duka la Microsoft. Mzoefu ataandika py na kuendelea. Anayeanza hajui hilo. Atadhani kichwa chake ndicho kizito, na kesho haji. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo utu wa ufundi huu: hitilafu imkute fundi peke yake, isimkute mwanafunzi mbele ya wenzake.

Nawe unayefundisha, jaribu kwa akaunti atakayotumia mwanafunzi, si yako, maana Python kwenye Windows kwa kawaida huwekwa kwa mtumiaji mmoja tu. Pita kompyuta moja baada ya nyingine, na somo lisianze kabla kila moja haijafungua dirisha lake.