Simu Uliyoinunua ni Milki ya Nani?



Sisi watu wa pwani ni watu wa biashara tangu na tangu. Kanuni za kuuza na kununua wengi wetu tumezisoma chuoni pamoja na tohara na sala: kitu kijulikane, bei ijulikane, pande mbili ziridhike, na mauzo yakisha kutimia, milki itoke kwa muuzaji iende kwa mnunuzi. Aliyenunua ng'ombe haendi kumuuliza aliyemuuzia kama ana ruhusa ya kumkama. Aliyenunua jahazi habishi hodi kwa aliyeliunda kila atakapo kubadilisha tanga. Jambo hili mtoto mdogo alifahamu.

Sasa itwae simu iliyo mfukoni mwako, uipime kwa kanuni hiyo hiyo. Fedha umetoa na risiti umepewa. Lakini betri ikichoka huwezi kuitoa, kwa kuwa mgongo wa simu umegandishwa kwa gundi. Kioo kikivunjika, ukatiliwa kingine na fundi, zipo simu zitakazokutolea onyo kwamba kioo hicho hazikitambui, hata kama kimetolewa katika simu ya kampuni ile ile. Na programu iliyomo ndani, ukitaka kuiondoa uweke nyingine uipendayo, wakuta mlango umefungwa na ufunguo umebaki kwa kampuni. Je, hii ni milki, au ni kitu tulichoazimwa kwa bei ya kukinunua?

Hilo ndilo swali la makala haya. Nataka tulitazame kwa kuvipima vyombo viwili: kimoja ambacho muuzaji alibaki na ufunguo wake, na kingine ambacho muuzaji amejaribu kumkabidhi mnunuzi.

Chombo cha kwanza kiliitwa Revolv. Kilikuwa kisanduku kilichouzwa Marekani kwa dola 299, na kazi yake ilikuwa kuunganisha taa, makufuli na vyombo vingine vya nyumba ili mwenye nyumba aviendeshe kwa simu yake. Wanunuzi waliambiwa kwamba huduma yake itadumu muda wote wa uhai wa chombo. Mwaka 2014 kampuni iliyokiunda ilinunuliwa na Nest, iliyokuwa chini ya Google. Tarehe 15 Mei 2016 huduma ikafungwa, na visanduku vyote vikafa. Havikuharibika wala havikuchakaa. Vilikuwa vikitegemea mashine za kampuni zilizoko mbali, na mashine zile zilipozimwa, kisanduku kilichokuwa rafuni kwa mnunuzi kikageuka kipande cha plastiki. Watu walipolalamika, kampuni ilikubali kuwarudishia fedha. Ni vyema; lakini tusisahau kwamba mtu aliingiliwa ndani ya nyumba yake, kikazimwa kitu alichokilipia, na hakuna aliyemuomba idhini.

Zingatia, ewe msomaji, ni nini kilichowakosesha watu wale. Kisanduku kilikuwa kizima, na ulimwengu una mafundi wa kuweza kukiandikia programu nyingine. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia. Lau kama programu yake ingewekwa wazi siku kampuni ilipochoka nayo, wenyewe wangeendelea kuvitumia vyombo vyao.

Chombo cha pili ni simu ya Fairphone. Asili yake yatuhusu kwa karibu. Ilianza mwaka 2010 huko Amsterdam, nchini Uholanzi, kama kampeni ya kuwazindua watu juu ya madini yanayochimbwa mashariki ya Kongo katikati ya vita, madini ambayo huingia katika kila simu. Kule Kivu watu husema Kiswahili kama tusemavyo sisi, na jasho lao, na mara nyingine damu yao, limo katika vyombo tunavyovichezea. Mwaka 2013 kampeni hiyo ikawa kampuni, ikaanza kuuza simu.

Walipoingia katika kazi hiyo waligundua kwamba haki ya mchimbaji na haki ya mnunuzi zafuatana. Simu ikidumu miaka saba badala ya miwili, ardhi itachimbwa kidogo. Kwa hiyo Fairphone 2, iliyotoka mwaka 2015, iliundwa ili mwenyewe aifungue: betri hutoka kwa vidole, na kioo hutoka bila ya chombo chochote. Fairphone 3 ya mwaka 2019 iliuzwa na bisibisi ndogo ndani ya boksi lake. Hebu ifikirie bisibisi ile. Kampuni nyingine hutia karatasi ya kukuonya usiifungue simu. Hawa wametia chombo cha kuifungulia. Spea zake huuzwa kwa mtu yeyote, na mwenye kutaka kuondoa programu ya kampuni aweke nyingine, kampuni yenyewe yamweleza njia ya kuufungua mlango huo.

Faida yake imeonekana. Qualcomm, waliounda chip ya Fairphone 2, waliacha kuihudumia chip ile ilipofika Android ya 6. Kwa simu nyingine huo ungekuwa mwisho. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya programu ya Android iko wazi, na wako watu wa kujitolea duniani wanaoifanyia kazi, kampuni iliweza kuifikisha simu ile kwenye Android ya 9 mwaka 2021, na ikaihudumia hadi mwaka 2023. Ni miaka saba na zaidi. Fairphone 5, iliyotoka mwaka 2023, imeahidiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2031.

Lakini kusifu bila ya kupima si uadilifu, nasi twaandika ili kupima. Fairphone ya kwanza haikutimiza matumaini. Chip yake ilitoka kwa MediaTek, na kampuni haikuwa na uwezo wa kuisogeza mbele programu yake. Spea nazo zikawa hazipatikani, na mwaka 2017 huduma zake zikakatwa. Hapa pana fundisho: kufungua mgongo wa simu hakutoshi ikiwa moyo wake umefungwa na mtu mwingine. Hata leo, programu zilizomo ndani kabisa ya chip, hasa zile zinazoendesha mtandao, ni siri ya waundaji wa chip. Kwa hiyo si haki kusema kwamba simu hii iko wazi yote. Iko wazi kuliko wenzake, basi.

Aibu ya pili ni ya mwaka 2021. Fairphone 4 ilipotoka, tundu la waya wa kusikilizia liliondolewa, na wakati huo huo kampuni ikaanza kuuza vya kusikilizia visivyo na waya. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: waya wa bei ndogo udumuo miaka waondolewa, na badala yake twauziwa vidude vyenye betri zao? Baadaye ndipo kampuni ilipotoa vingine ambavyo betri zake zaweza kubadilishwa.

Tena iko bei. Fairphone 5 ilitoka Ulaya kwa kiasi cha euro 700, na hiyo si bei ya nyumba nyingi za kwetu. Wala haivumilii maji kama simu zilizogandishwa kwa gundi. Yavumilia manyunyu, haivumilii kuzama. Mvuvi na nahodha walijue hilo. Basi siwaambii wasomaji waikimbilie. Nawaambia waifanye pishi ya kupimia nyingine.

Sasa tuwasikilize wenye kampuni, kwani wao pia wana hoja. Wasema: twaifunga simu ili kumlinda mnunuzi na wezi, na programu mbovu zisimwibie fedha zake. Hoja hii si ya kutupwa. Watu wetu huweka fedha zao katika simu, na simu iliyo wazi kwa kila mtu ni hatari. Lakini tofautisheni kufuli na ufunguo. Kufuli la mlango wangu ni jema maadamu ufunguo ninao mimi. Fundi aliyeniundia mlango akiondoka na ufunguo, kisha akasema amefanya hivyo kwa kunihurumia, nani atamkubalia? Mnunuzi aonywe, aambiwe hatari zote, kisha aachiwe hiari yake.

Mafaqihi wetu wa Kishafii wamezungumza zamani juu ya masharti ya mauzo. Wameeleza kwamba sharti lipingalo makusudio ya mauzo, kama kumuuzia mtu kitu kwa sharti asikiuze, ni sharti batili, nalo huyaharibu mauzo yenyewe. Na muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akaificha amefanya ghashi, na mnunuzi akiigundua ana hiari ya kurudisha. Sitoi fatwa hapa. Fatwa ina wenyewe. Nauliza tu, nawaomba masheikh wetu walitazame: kampuni ikijua kwamba simu itaachwa kuhudumiwa baada ya miaka miwili, na betri haitolewi, ikanyamaza, je, hiyo si aibu iliyofichwa?

Wazungu wenyewe wameanza kulitambua hilo. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2023 ya kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vya mkononi ziwe, isipokuwa kwa vichache, za kuweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Na tangu tarehe 20 Juni 2025, kampuni iuzayo simu huko yalazimika kuweka spea muhimu kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza simu ya namna hiyo. Basi wafanya biashara wakubwa wanaweza, wakilazimishwa. Kusema haiwezekani ni kisingizio.

Na sisi je? Sisi tuna mafundi. Kila mji wa pwani una vijana wenye meza ndogo na taa, wanaofufua simu zilizokwisha kukatiwa tamaa. Kwao nyumba hupata simu ya mama ikafanyiwa kazi, akapewa mtoto aendaye skuli, na fedha ya simu mpya ikanunua unga na kulipa ada. Kila gundi inayotiwa na kila mlango unaofungwa wakata riziki ya vijana hawa na kutusukuma kwenye israfu. Lakini uhuru huu una mipaka yake: fundi anayebadilisha nambari ya utambulisho wa simu ya wizi hakutumia uhuru wowote, amemsaidia mwizi, na hilo ni haramu na ni kosa la sheria.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uendapo dukani usiishie kuuliza kamera yake na rangi yake. Muulize muuzaji: betri yake yatoka? Spea zake zapatikana hapa mjini? Itahudumiwa mpaka mwaka gani? Na kampuni ikiiacha, mimi mwenyewe nitaweza kuifanyia nini? Asipojua, mwambie aulize kwa waliomletea. Muuzaji mmoja akiulizwa na mtu mmoja atacheka. Akiulizwa na mji mzima atatafuta jawabu, kwani riziki yake iko kwetu.

Na wazee, mtoto akiifungua redio mbovu kwa bisibisi ili ajue kilichomo ndani, msimpigie kelele. Huenda huyo ndiye atakayetuundia chombo ambacho ufunguo wake utabaki kwa mwenye kukinunua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuuza kwa haki na kununua kwa macho. Amin.